Mwaka Wangu Una Miezi Saba

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, nisimchoshe. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa mlevi. Mke wangu akaondoka na watoto, nikaacha pombe, akarudi. Hayo tuliyamaliza kwa machozi na kamasi. Mliniacha nimesimama nje ya darasa la Alhamisi, karatasi mkononi, naogopa kuingia.

Msomaji mmoja alinikuta dukani nikinunua vifungo akaniuliza, "Fundi, si umeshapona? Sasa hadithi imebaki na nini?"

Nikamjibu, "Imebaki na mimi mwenyewe."

Alicheka. Alidhani namtania.

Basi niliingia. Darasa letu la kupona hukutana kanisani, kwenye chumba cha Shule ya Jumapili, na viti ni vile vya watoto. Jaribu kufikiria watu wazima kumi na mmoja wamekaa magoti yakigusa masikio, wote wanajitahidi kuonekana wenye heshima.

Kiongozi wetu tunamwita Afande. Ni askari wa barabarani aliyestaafu. Alisimamisha magari kwa miaka thelathini, naye mwenyewe alikunywa kwa ishirini kati ya hiyo. Hakuna uongo duniani ambao hajausikia kupitia dirisha la gari.

Siku hiyo kila mmoja alikuja na orodha ya kasoro zake, aisome, kisha apige magoti amkabidhi Mungu. Pombe tulishaikabidhi zamani. Sasa ilikuwa zamu ya tabia.

"Fundi, tuanze na wewe," akasema Afande.

Nikasoma kwa sauti ya unyenyekevu. "Kwanza, nina huruma kupita kiasi. Pili, sijui kusema hapana. Tatu, najituma mno mpaka najisahau."

Afande akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hiyo ni orodha ya kasoro au barua ya kuomba kazi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kiti kimoja kikavunjika mguu.

"Mtaani wanakuitaje?" akaniuliza.

"Fundi Kesho."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mteja akija namwambia arudi kesho."

"Na akirudi?"

"Inategemea, Afande."

"Andika hapo: mwongo."

Nikajitetea. "Afande, ule siyo uongo. Ni lugha ya kazi. Mteja ukimwambia ukweli anakata tamaa. Mimi nampa matumaini."

"Dereva mmoja alipita taa nyekundu akaniambia anawahi ibada," akasema. "Ilikuwa Jumatatu. Naye alikuwa ananipa matumaini. Piga magoti."

Nikapiga. Nikafumba macho. Nikamwambia Mungu achukue hasira yangu, achukue uvivu, achukue wivu nilionao kwa fundi wa ng'ambo ya barabara mwenye cherehani ya umeme. Hayo yalitoka bila shida. Nilipofika kwenye uongo, ulimi ukasita. Nikamwomba, kimoyomoyo, apunguze kiunoni tu, urefu auache kama ulivyo.

"Sauti!" Afande akanong'ona sikioni mwangu. Sijui alifikaje pale bila viatu vyake kulia.

"Uongo," nikasema.

"Kiasi gani?"

"Wote."

"Amina!" akaitikia upesi, kabla sijaongeza sharti.

*

Nilidhani Mungu angeniondolea polepole, kama mtu anayefumua mshono wa gauni la harusi. Kumbe alikuwa na haraka zake.

Ijumaa asubuhi, sijamaliza hata kufagia, akaingia Mama Kwaya. Yeye ndiye kiongozi wa waimbaji kanisani kwetu, na sauti yake hata akikusalimia unajisikia umeimbiwa.

"Fundi, gauni langu tayari?"

Neno "kesho" lilikuja mpaka kwenye meno. Likagoma kutoka.

"Sijalikata, mama."

"Hujalikata wapi?"

"Popote."

Akakaa. "Wiki tatu unaniambia unamalizia mikono!"

"Mikono haipo, mama. Hata kifua hakipo."

"Na kitambaa kiko wapi?"

"Umekikalia."

Akainuka, akakitazama kitambaa chake jinsi kilivyokunjwa vilevile alivyokileta, na karatasi ya dukani juu yake. Akakitia kwapani. Mlangoni akageuka.

"Afadhali ulivyokuwa unakunywa. Ulikuwa mlevi, lakini ulikuwa na matumaini."

Akaenda moja kwa moja kwa yule wa cherehani ya umeme. Nilimwona kwa macho yangu akivuka barabara.

Haikupita saa, akaja Mwalimu Mstaafu. Huyu ni mzee mpole, hasemi mpaka amalize kufikiri. Miezi miwili nyuma nilimchomea suruali kwa pasi nikamwambia nimeagiza bitana maalumu, inachelewa njiani. Kila akija, bitana ilikuwa imesogea kidogo.

"Mwalimu," nikamwambia kabla hajauliza, "suruali yako niliichoma. Bitana haipo. Haijawahi kuwepo."

Akanitazama kifuani.

"Najua," akasema. "Kipande kilichobaki umejishonea kizibao. Umekivaa."

Nikajiangalia. Kweli, nilikuwa nimekivaa.

"Nilikuwa nasubiri nione kama na mimi utanikumbuka hata kwa kofia," akasema, kisha akafungua mfuko wake akatoa kitambaa kingine, kipya kabisa. "Haya, nipime. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekuamini."

Wasomaji, nilimpima yule mzee huku machozi yananitoka. Alipoondoka nilijiona mtakatifu. Nilitamani picha yangu ibandikwe ukutani. Nikaketi kwenye kiti changu, nikakunja mikono, nikageuza macho taratibu kulitazama duka langu lililookolewa.

Macho yakaangukia upande wa pili wa duka, kwenye fremu ya kochi.

Utakatifu ukaniisha palepale.

*

Hili sikuwahi kuwaandikia. Nimewaandikia mengi ya aibu, mnajua nilivyolala kwenye banda la mbuzi na nilivyouza saa ya ukutani. Hili nililiruka. Leo naliandika kwa sababu nimekatazwa kuliruka.

Mke wangu ana mdogo wake wa kiume, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, fundi wa makochi. Tunamwita Kimya. Siyo bubu. Anasema anapokuwa na la kusema, na mara nyingi hana. Naye alikuwa mlevi kama mimi. Tuliingia darasa la Afande siku moja, tukakaa viti viwili vilivyopakana, tukaacha siku moja. Mke wangu aliporudi nyumbani, alimwomba shemeji yangu ahamie kwetu na kazi zake alete dukani kwangu. "Mtachungana," alisema.

Tukachungana vizuri, mpaka mwezi wetu wa tano bila pombe.

Watu hudhani mlevi hurudia kwa huzuni. Mimi nilirudia kwa furaha. Nilishona suti za harusi nzima, zikawakaa watu wote sawasawa, hata bwana harusi aliyekuwa na bega moja chini. Wakaniletea chupa ya shukrani. Nikasema nitaigawa. Nikasema nitaimwaga. Nikasema nitainusa tu.

Kimya alirudi dukani mchana ule akanikuta nimelala juu ya meza ya kukatia. Akanivua viatu. Akanifunika kwa pazia la mteja. Akafunga mlango, akawaambia wateja fundi ana homa. Chupa akaificha ndani ya kochi alilokuwa anatengeneza, katikati ya sponji, aitupe baadaye.

Baada ya siku mbili mke wangu akaja dukani, akakaa kwenye lile kochi kujaribu ulaini. Likamgonga.

Akaingiza mkono. Akaitoa chupa.

"Hii ya nani?"

Tulikuwa wawili tu pale, mimi na shemeji yangu. Kimya akanigeukia. Hakunikazia macho, alinitazama tu kawaida, akaniachia nafasi. Ulikuwa muda wa kutosha kabisa kusema neno moja lenye herufi tano. Mimi nikainama nikajifanya natunga uzi kwenye sindano ambayo ilikuwa tayari na uzi.

Ndipo akasema, "Nisamehe, dada."

Hakusema ni yake. Yule mtu hajui kudanganya. Aliomba msamaha tu, na mke wangu akasikia alichosikia.

Jioni ileile Kimya alifungasha. Alikwenda kutafuta kazi mji mwingine, kochi likabaki mifupa. Darasani Afande alifuta jina lake kwa masikitiko. Mke wangu hakumtaja tena. Akawa ananiambia mimi, "Angalau wewe umesimama."

Nami nikasimama. Sijagusa tena tangu siku ile, hilo ni kweli. Lakini Jumapili hii kanisa lilipanga kunipongeza kwa mwaka mzima bila pombe, Mama Kwaya alishatunga na wimbo, na kwa hesabu ya ukweli mwaka wangu una miezi saba.

*

Jumamosi asubuhi nilimkuta Afande kwao anapaka geti rangi. Nilimweleza yote nikiwa nimeshika kopo la rangi, maana alinikabidhi nilipofika.

Nilipomaliza, hakutania. Nilingoja atanie. Alipiga brashi mara tatu mahali pamoja.

"Kwa hiyo Alhamisi ulimpa Mungu nakala ya leseni," akasema mwishowe, "ile halisi ukabaki nayo mfukoni."

"Niliogopa, Afande."

"Jina la yule kijana nililifuta kwa mkono huu."

"Najua."

"Nilimwambia amelitia doa darasa. Akasema, 'Sawa, Afande.'"

Rangi ikanidondokea kwenye kiatu.

"Nitasema kesho kanisani," nikamwambia. "Mbele ya watu wote. Nitajidhalilisha kabisa."

"Kanisani ndiko rahisi," akasema. "Watu mia mbili, hakuna atakayekurushia kiti. Watalia, watakuombea, Mama Kwaya atabadilisha ubeti. Utatoka shujaa. Hapana. Nenda nyumbani kwako, umwambie mtu mmoja."

"Afande, yule mtu mmoja..."

"Namfahamu. Ndiyo maana nimekuambia."

Akanipokonya kopo. Nilipofika barabarani akaniita.

"Fundi! Usiende ukasimulia kuanzia kwenye ile harusi. Anza na chupa."

*

Mke wangu alikuwa ananyoosha shati langu la Jumapili. Jeupe, nililishona mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nililimaliza kabla ya siku yake. Watoto walikuwa wanacheza nje. Alikuwa anaimba ule wimbo wa Mama Kwaya, wa kunipongeza.

"Baba watoto, njoo ujaribu kola."

"Mke wangu, chupa ya kwenye kochi ilikuwa yangu."

Wimbo ukakatika. Pasi ikaendelea kwenda, mbele na nyuma, kwenye mkono wa kulia.

"Ipi?"

"Ileile."

"Uliinunua?"

"Nililetewa."

"Ukanywa?"

"Nikanywa."

"Yeye je?"

"Hata tone. Alinikuta nimelala, akanivua viatu. Akaificha, hakutaka uione."

Hapo ndipo pasi ikasimama. Akaitega wima, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Nilitamani apige kelele. Mke wangu akipiga kelele nyumba huwa inapona upesi. Ni vile anavyokaa kimya ndiyo hujui pa kushika.

"Miezi saba," akasema.

"Ndiyo."

"Mtoto wa mama yangu. Miezi saba sijapokea simu yake. Alipoumwa, nilisikia kwa watu, nikasema na aumwe."

"Mke wangu, nimekuja kuomba..."

"Usiombe bado. Ngoja kwanza nijue ninachokusamehe, ni kikubwa."

Akaliondoa shati mezani. Akalikunja hivyohivyo.

"Mkono mmoja nimenyoosha. Huo mwingine utanyoosha mwenyewe."

Nikalipokea. Kidogo nicheke, Mungu anisamehe, kwa sababu nilijua kwamba mwanamke aliyekwisha kuondoka moyoni hahangaiki kukugawia kazi ya shati. Lakini nilipomtazama usoni kicheko kikakauka.

"Kuna jambo hulijui," akasema. "Nilitaka liwe zawadi yako. Wiki iliyopita nilimpigia simu."

"Nani?"

"Nani mwingine? Nilimwambia shemeji yake anatimiza mwaka, na kama ana haya, aje asimame kanisani aombe msamaha kwa kutaka kukuangusha. Nilimsema, baba watoto. Nilimsema mpaka nikaishiwa maneno."

"Naye akasemaje?"

"Akasema, 'Sawa, dada.'"

Nilikaa chini. Hakukuwa na kiti.

"Anakuja kuomba msamaha kwa ajili yako," akasema mke wangu. "Na alikubali. Anafika leo mchana. Akigonga, wewe ndiye utakayefungua. Kabla hajakaa, kabla hajanywa hata maji, utamwambia mbele yangu kwamba nimejua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na ole wako umwambie kesho."

Siwezi kusema alitania. Wala siwezi kusema hakutania.

Akaingia chumbani kunawa uso. Nami nikabaki sebuleni na shati la mkono mmoja. Nikapiga magoti. Safari hii hakukuwa na Afande wa kunisukuma. Sikumwomba Mungu apunguze popote. Nilimwambia, "Uongo huu hapa, wote, na kilichoshonewa ndani yake." Ajabu ni kwamba nilijisikia mwepesi. Niliona kabisa jinsi itakavyokuwa: nitafungua mlango, nitasema, shemeji atalia, dada yake atalia, nitapigwa kofi moja la haki, tutakula.

Hodi ikapigwa.

Nikafungua. Kimya alikuwa amesimama pale, amekonda, mkoba mdogo mkononi, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni kama mtu anayekwenda mahakamani. Na alikuwa anatabasamu. Katika miaka yote niliyomjua, sikumbuki kama niliwahi kuyaona meno yake yote kwa pamoja.

"Shemeji!" akasema, kwa sauti ya juu isiyo yake.

Harufu ikanifikia kabla ya neno la pili.

Nilitoka nje, nikauvuta mlango nyuma yangu. Akaona jinsi uso wangu ulivyobadilika, tabasamu likamwanguka.

"Kidogo tu," akanong'ona. "Nilishindwa kuja mtupu. Nimejaribu, shemeji. Nimefika hapo sokoni, nikafikiria kusimama mbele ya wale watu na kusema... miguu ikakataa. Miezi yote hii sikugusa, naapa. Kule nilikokwenda, kila nilipotaka kugusa nilikumbuka kile kiti kidogo cha darasani. Ni leo tu. Ni hii saa moja iliyopita."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na alama za misumari ya makochi.

"Usimwambie dada. Tafadhali. Nitakunywa maji, nitalala, kesho nitaomba huo msamaha vizuri."

Nikapiga hesabu, ingawa sikutaka. Tuliingia siku moja, tukaacha siku moja. Kanisa lilikuwa limetayarisha wimbo kwa mtu mwenye mwaka mzima, na mtu huyo kweli alikuwepo, hadi saa moja iliyopita.

Mlango ukaguswa kutoka ndani.

"Mbona mmejifungia nje?" Ilikuwa sauti ya mke wangu, yenye maji ndani yake, sauti ya mtu aliyengoja miezi saba bila kujua kwamba anangoja. "Baba watoto, ni yeye? Yuko mzima?"

Kimya akatikisa kichwa, akiniomba.

Nilikuwa na jibu tayari. Dogo, safi, limekaa vizuri pande zote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu halikuwa la kunifunika mimi.

"Baba watoto? Nimekuuliza, ndugu yangu yuko mzima?"

Kitasa kikaanza kuzunguka.